Kipoza oili cha ziada kwenye giaboksi otomatiki: maswali ya wanaovuta trela Nakuru, Kisumu na magharibi mwa Kenya

Ukurasa huu ni wa mwenye Prado, Fortuner, Pajero, Surf au gari jingine la aina hiyo, lenye gia otomatiki, ambaye amefunga tobaa (chuma cha nyuma cha kuungia trela) na sasa anataka kuvuta trela: mashua, ng'ombe wa maziwa, mashine ya kupukuchua mahindi, tangi la maji. Ukiondoa injini, hakuna kitu cha gharama kwenye gari hilo kama giaboksi, na adui yake mkubwa ni joto. Haya ndiyo maswali tunayoulizwa zaidi.

Gari langu si limetoka kiwandani na kipoza tayari?

Limetoka nacho. Karibu kila gari otomatiki lina kipoza kidogo kilichofichwa ndani ya rejeta, kwenye tangi la chini au la pembeni. Oili hutoka giaboksi kwa bomba la chuma, huingia humo, huzungukwa na maji ya rejeta, kisha hurudi. Mpango huo unaitosha kabisa familia inayokwenda nyumbani Krismasi na buti iliyojaa. Haukupangiwa tani moja na nusu nyuma ya gari kwenye mlima usiokwisha. Maji yenyewe ya rejeta hukaa karibu nyuzi 90, kwa hiyo hayawezi kuishusha oili chini sana ya hapo, na injini ikizidiwa mlimani maji hupanda na oili hupanda nayo.

Kipoza cha ziada ni kama rejeta ndogo inayopozwa na upepo, hufungwa mbele ya gari, na oili hupitia humo kabla ya kurudi kwenye giaboksi. Baadhi ya Prado na Land Cruiser zilikuja nacho kutoka kiwandani, kutegemea soko zilikotengenezewa, kwa hiyo chungulia nyuma ya grili kabla hujatoa pesa.

Joto lenyewe linatoka wapi?

Kwa kiasi kikubwa linatoka kwenye toku konveta, lile duara linalokaa kati ya injini na giaboksi. Ndani yake mapanga ya upande wa injini huisukuma oili, na oili hiyo huyasukuma mapanga ya upande wa giaboksi. Upande mmoja ukizunguka haraka kuliko mwingine, tofauti hiyo yote hugeuka joto ndani ya oili. Ukiwa kwenye barabara tambarare kwa mwendo wa kutulia, klachi ya ndani ya konveta hufunga, pande zote mbili zikazunguka pamoja, na joto likashuka. Ukianza kupanda na mzigo, klachi hiyo hufunguka, na hapo ndipo oili inapopikwa.

Sasa itazame ramani yetu. Kisumu iko mita 1,131 juu ya usawa wa bahari. Ukivuta mashua kuipeleka Baringo au Naivasha kupitia Kericho, utatambaa tambarare za Ahero na Awasi bila shida, halafu barabara inaanza kupanda na haikuachi mpaka Mau Summit, zaidi ya mita 2,400. Anayetoka Nakuru kwenda Eldoret hupita Timboroa, zaidi ya mita 2,700. Huko juu hewa ni nyepesi. Injini ya petroli isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000, yaani ukifika Timboroa robo ya nguvu imekwenda. Unakanyaga zaidi, gia zinashuka, konveta inateleza zaidi. Na hewa hiyo hiyo nyepesi ndiyo inayotakiwa kuipoza oili. Mlima unakupiga mara mbili.

Ndiyo maana hatukubaliani na wanaosema vipoza ni vya nchi za jangwani tu. Baridi ya Molo asubuhi haiisaidii sana giaboksi inayovuta tani mbili kwa gia ya pili.

Nitajuaje kama yangu inapata joto kupita kiasi?

Pima. Hili ndilo tunalolisisitiza kuliko yote, na watu wengi hulipita wakakimbilia kununua kipoza. Magari mengi ya Kijapani ya miaka ya karibuni yana sensa ya joto la oili ndani ya giaboksi, ila dashibodi haionyeshi namba. Kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye soketi ya OBD chini ya usukani, kikiunganishwa na simu kwa bluetooth, kinaweza kuisoma namba hiyo katika magari mengi. Kama cha kwako hakiisomi, fundi wa umeme anaweza kukufungia geji yenye sensa yake.

Kisha vuta trela yako kwenye njia yako ya kawaida, mzigo wako wa kawaida, na mtu mwingine aitazame simu. Tunavyozisoma namba ni hivi. Kati ya nyuzi 80 na 95, oili iko raha mustarehe. Kufika 105 au 110 kwa muda mfupi kileleni kisha kushuka si jambo la kukukosesha usingizi. Ikikaa juu ya 115 kilomita baada ya kilomita, oili inaungua na kuacha utando kwenye valvu, na sili za mpira zinaanza kukauka. Ikikaribia 150, sahani za klachi zenyewe zinaungua. Kuna kanuni ya zamani ya mafundi kwamba juu ya nyuzi 80, kila nyuzi 11 zinazoongezeka hukata umri wa oili nusu. Ichukue kama kipimo cha kukadiria, lakini mwelekeo wake ni wa kweli.

Bila kifaa, tumia pua na macho. Kama giaboksi yako ina kijiti cha kupimia oili, kichomoe gari likiwa limepata moto, kifute kwenye tishu nyeupe, uiache tishu juani dakika chache. Oili nzuri huacha doa jekundu au la waridi linalosambaa sawasawa. Oili iliyochoka huacha doa la kahawia lenye mpaka mweusi, na ukiinusa inanuka kama mkate ulioungua. Vumbi jeusi likibaki katikati ya doa, hizo ni klachi zako.

Gari langu ni la gia za mkono. Nahitaji?

Hapana. Halina toku konveta. Angalia klachi na oili ya gia, basi.

Nina X-Trail, Outlander au Forester ya CVT. Je?

Hapa tunakuwa wakali kidogo. CVT hutumia mkanda au mnyororo wa chuma uliobanwa kati ya puli mbili, na shinikizo na joto vikizidi, mkanda huteleza ukakwaruza puli. Nyingi kati ya giaboksi hizi zina kipoza chao cha maji kilichofungwa moja kwa moja ubavuni mwa giaboksi, kwa hiyo si suala la kukata bomba na kuunga mpira; unahitaji vifaa vilivyotengenezwa kwa modeli hiyo hasa. Oili nayo ni ya CVT pekee, haichanganywi na ATF (oili ya giaboksi otomatiki) ya kawaida hata tone. Kwa trela ndogo ya bustani, sawa. Kwa ng'ombe wawili kutoka Molo, tafuta gari jingine.

Kuna aina ngapi, na ninunue ipi?

Utaziona tatu madukani. Ya kwanza ni bomba moja lililokunjwakunjwa na kuvalishwa mapezi. Ni ya bei nafuu na haipozi sana. Ya pili ni ya sahani na mapezi. Ya tatu ni ya sahani zilizopangwa kwa tabaka, ambayo kwa ukubwa uleule hupoza vizuri kuliko zote na nyingi zake zina njia ya pembeni ndani yake inayoiruhusu oili nzito ya asubuhi kupita bila kulazimishwa. Kwa kuvuta trela tunapendekeza hiyo ya tatu. Ukubwa uuchague kwa uzito wa gari na trela pamoja, ambao huandikwa kwenye boksi, na ukisita kati ya saizi mbili chukua kubwa, mradi itoshe bila kuiziba yote kondensa ya AC (ile kama rejeta ya AC iliyo mbele ya rejeta ya injini).

Ya mtumba kutoka Grogan (soko la spea za magari Nairobi) haitoshi?

Mabano ya kukifungia yakiwa ya mtumba, sawa. Kipoza chenyewe, hapana. Hujui kimetoka kwenye gari gani. Giaboksi ikifa, hutema vipande vya chuma na unga wa klachi, na takataka hizo hukwama ndani ya kipoza, hasa cha tabaka, ambako hakuna petroli wala hewa ya kompresa itakayozitoa zote. Siku ya kwanza ukivuta mzigo, oili moto inazing'oa na kuzipeleka moja kwa moja kwenye giaboksi yako nzima. Kwa sababu hiyo hiyo, ukibadilisha giaboksi iliyokufa, badilisha na kipoza.

Kinafungwa kabla ya rejeta au baada yake?

Baada yake. Oili itoke giaboksi, ipite kwenye kipoza cha ndani ya rejeta, iende kwenye kipoza cha hewa, ndipo irudi nyumbani. Kwa mpangilio huo rejeta inafanya kazi ya kwanza, upepo unamalizia. Na asubuhi ya baridi maji ya rejeta huisaidia oili kupata moto mapema, kwa sababu giaboksi nyingi hukataa kufunga konveta au kuingia gia ya juu kabla oili haijapata joto. Ukigeuza mpangilio, rejeta inairudishia joto oili uliyoipoza kwa gharama zako.

Kwa hiyo lazima ujue bomba lipi ni la kurudi. Usikisie, na usiamini jirani mwenye gari kama lako, maana mabomba hubadilika kati ya injini na injini. Endesha gari dakika chache kutoka likiwa baridi, kisha gusa mabomba yote mawili karibu na rejeta kwa uangalifu: linalotoka giaboksi hupata moto kwanza. Kuhakikisha, fungua lile unalodhani ni la kurudi, chomeka mpira kwenye ncha ya upande wa rejeta uuelekeze kwenye chupa, mwenzako awashe injini kwa sekunde chache tu kisha azime. Oili ikimwagika kwenye chupa kutoka upande huo, umepata. Usiiache injini ingurume zaidi ya hapo. Pampu ya giaboksi inamwaga lita haraka kuliko unavyofikiri.

Kipoza chenyewe kikae mbele ya kondensa ya AC, kikiachiwa nafasi ya sentimita moja au mbili, mahali ambapo upepo wa grili unafika kweli. Na kifungwe kwa mabano ya chuma kwenye fremu. Zile tai za plastiki zinazopenyezwa katikati ya mapezi ya kondensa ziache dukani. Barabara ya maram huzitikisa mpaka zinatoboa kondensa, ukapoteza AC kwanza, kipoza baadaye.

Mipira na klipu vina umuhimu gani?

Vina umuhimu kuliko kipoza chenyewe. Kipoza hafifu kitapoza kidogo. Mpira hafifu utakuulia giaboksi ndani ya kilomita chache, kwa sababu oili yote itaishia kwenye lami na dashibodi huenda isikuambie lolote mpaka gari likatae kusogea.

Mpira wa maji ya rejeta haufai, oili huuvimbisha. Mpira wa petroli wa kawaida haukutengenezewa joto hili. Omba mpira wa oili ya giaboksi, na usome maandishi ubavuni mwake: kiwango chake ni SAE J1532. Upana uendane na bomba, mara nyingi milimita 8 au 10. Ukilazimika kukata bomba la chuma, usiuvike mpira juu ya ncha iliyokatwa wima. Bomba la kiwandani lina kivimbe kidogo karibu na ncha, na kivimbe hicho ndicho kinachouzuia mpira usichomoke. Ukikikata, fundi akutengenezee kingine kwa kifaa cha kupanulia mabomba. Halafu lainisha ncha kwa tupa, kwa sababu ukingo mkali huukata mpira kutoka ndani na wewe huoni.

Mpira uingie sentimita tatu hivi kupita kivimbe. Klipu ikae nyuma ya kivimbe, si juu yake. Kaza mpaka mpira uanze kujaa kidogo kando ya klipu, kisha simama. Klipu ikizama ndani ya mpira umeshaukata. Mpira mpya hujilaza ukipata moto, kwa hiyo baada ya safari ya kwanza, gari likipoa, kaza tena kidogo. Pitisha mipira mbali na egzosi na mbali na panga la feni, bila mkunjo mkali, na pale inapopita kwenye bati lenye ukingo, ivalishe kipande cha mpira mwingine.

Nimesikia nikwepe rejeta kabisa, oili ipite kwenye kipoza cha hewa tu. Ni kweli?

Kuna sababu moja nzuri ya kufanya hivyo. Kile kipoza cha ndani ya rejeta kikioza au kikipasuka, maji na oili huchanganyika, na ukifungua unakuta kitu cha waridi kama maziwa ya stroberi yaliyokorogwa. Maji yakifika kwenye sahani za klachi, gundi yake inaachia, na giaboksi imekwisha. Nissan Pathfinder za kati ya 2005 na 2010 zilijulikana sana kwa tatizo hili, hadi likafika mahakamani Marekani.

Kama una gari la namna hiyo, au rejeta yako ni ya zamani na hujui historia yake, tungependa uanze kwa kubadilisha rejeta. Ikiwa huwezi kwa sasa, kuikwepa ni salama kuliko kuiamini, na kwa hali ya hewa ya Kisumu au Busia hutaona tofauti asubuhi. Anayeishi Mau Narok au Timboroa atafute kipoza chenye termostati (valvu inayoizuia oili ikiwa bado baridi isipite kwenye kipoza).

Niongeze oili kiasi gani, na ya aina gani?

Kipoza na mipira yake humeza kati ya nusu lita na lita moja hivi. Aina ni ile iliyoandikwa kwenye kijiti au kitabu cha gari, hakuna mjadala: oili ya Toyota ya T-IV si sawa na ya WS, Nissan wana zao, Mitsubishi wana zao. Oili iliyoandikwa kwamba inafaa magari yote inafaa kwa muuzaji.

Kuna Prado zisizo na kijiti. Hizo hupimwa kwa kufungua nati ya kufurikia chini ya giaboksi injini ikiwa inanguruma, oili ikiwa kwenye joto lililotajwa na kitabu, mara nyingi kati ya nyuzi 35 na 45. Ukipima ikiwa moto sana utaiacha na upungufu. Fundi asiyejua hili asiiguse.

Mwenye kuvuta mara kwa mara abadilishe oili kila kilomita 40,000 au 50,000. Kumbuka ukifungua nati ya chini unatoa sehemu tu, nyingine inabaki kwenye konveta.

Baada ya kufunga, nitaweza kuvuta mzigo mzito zaidi?

Hapana. Uzito unaoruhusiwa umeandikwa na mtengenezaji, akifikiria breki, fremu, ekseli na tobaa. Kipoza hakiongezi breki hata moja, na anayeshuka mteremko wa Sachangwan na trela anazihitaji breki kuliko kitu kingine chochote.

Niendesheje mlimani?

Zima ovadraivu (gia ya juu kabisa) kabla mlima haujaanza, usisubiri gia zianze kuruka juu na chini, maana kila kubadilika kunaongeza joto. Afadhali injini izunguke haraka kidogo kwenye gia moja iliyotulia. Mteremkoni shuka gia, injini ikusaidie kushika. Na usimfuate lori la miwa kwa ukaribu kwenye mlima: upepo haukufikii, na unakanyaga na kuachia kila dakika.

Taa ya A/T OIL TEMP imewaka. Nizime injini?

Usizime. Simama mahali salama, weka gia ya P na breki ya mkono, weka mawe nyuma ya magurudumu ya trela, na uiache injini ingurume taratibu. Pampu inahitaji kuendelea kuizungusha oili kwenye kipoza. Taa ikizimika, subiri kidogo zaidi, kisha endelea polepole. Ikiwaka tena, punguza mzigo au tafuta gari jingine la kuuvuta.

Navuta mashua kutoka ziwani. Kipoza kitasaidia pale ufukweni?

Kidogo tu, na ni vizuri ulijue mapema. Gari limesimama kwenye mchanga, unakanyaga, konveta inateleza karibu yote, na hakuna upepo. Joto hupanda haraka pale kuliko mlima wowote. Feni ya umeme kwenye kipoza husaidia. Kinachosaidia zaidi ni kutumia gia ndogo ya 4x4, ambayo hupunguza kazi ya konveta kwa kiasi kikubwa, na kuacha injini ingurume kwenye P dakika tatu nne mashua ikishatoka.

Wadudu wa ziwani na matope hukiziba?

Hukiziba haraka. Wale wadudu wanaotoka ziwani kama wingu hujaza mapezi usiku mmoja, na matope ya masika hukauka juu yao. Osha kwa maji ya bomba, kutoka nyuma kuelekea mbele, mara moja kwa wiki msimu ukiwa mbaya. Mwambie kijana wa kuoshea magari asielekeze mashine ya presha humo, hulaza mapezi yote na upepo haupiti tena.

Gia zinachelewa kuingia na giaboksi inateleza. Kipoza kitaponya?

Hakitaponya. Itengeneze kwanza.

Fundi wa jua kali anaweza kunifungia?

Anaweza, na wapo wazuri sana Nakuru na Kisumu. Kazi yenyewe ni ya nusu siku. Muulize mambo matatu kabla hajafungua kitu: atalitambuaje bomba la kurudi, atatumia mpira gani, na atapimaje oili akimaliza. Akijibu yote bila kubabaisha, mwachie gari. Ukilichukua, kaa naye injini ikinguruma dakika kumi, kila gia ikiingizwa kwa zamu mguu ukiwa kwenye breki, kisha wekeni kipande cha boksi chini ya kila kiungio. Rudi nyumbani bila trela. Asubuhi lala chini na tochi uangalie viungio vyote vinne; kimoja kikiwa kinang'aa kwa unyevu, mrudishie akaze kabla hujaunga trela.